Kilo Mbili na Robo

Duka liko ghorofa ya pili, Mtaa wa Jamhuri,
nyuma ya geti la nondo na mlinzi anayesinzia.
Nimepanda na barua tatu: ya serikali ya mtaa,
ya polisi wilaya, ya klabu ya shabaha,
na bega la kulia lililoteguka mwaka juzi
nilipoanguka na gunia pale Tandika.

Kwenye fomu kulikuwa na neno: Sababu.
Afande alinitazama juu ya miwani.
"Mama, unamwogopa nani?"
Simwogopi mtu.
Andika michezo.
Akaandika, polepole, kama anayeandika jina la ugonjwa.

Bunduki ya marehemu Kilimba niliirudisha kituoni
baada ya arobaini yake.
Ilikuwa ndefu kama mchi, na teke lake la punda.
Alinifundisha nayo kule Kisarawe,
kwenye machimbo ya mchanga yaliyoachwa,
akicheka kila niliporudi nyuma hatua mbili.
Nami nilicheka. Bega ndilo halikucheka.

Sasa nataka fupi, nyepesi,
inayokula risasi za bastola, zile za milimita tisa,
zinazokusukuma kama mtu anayeomba njia
badala ya kukupiga kama anayekudai.

Renato anatandika kitambaa cha kijani, anazilaza tatu.
Ya kwanza ina reli kila upande, kama kitanda cha hospitali:
hapa taa, hapa darubini, hapa mpini wa pili.
Kijana wangu, naenda vitani au naenda Kisarawe?

Ya pili inakunjika katikati kama mwavuli.
"Inaingia hata kwenye begi la shule," anasema,
na hapo hapo moyo ukaikataa.
Sitaki chombo kinachojua kujificha.

Ya tatu kitako chake ni cha mti,
imechubuka kidogo karibu na kifyatulio,
mtu aliwahi kuipenda kabla yangu.
Renato anasoma karatasi: "Kilo mbili na robo, mama."

Nimepima mchele miaka thelathini na moja.
Mkono wangu hauhitaji jiwe.
Nikainyanyua, nikafumba macho,
kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo,
chini mtu akigombana na wa maegesho.
"Mbili na nusu," nikasema, "na ushee."

Akacheka. Akaleta mizani.
Mbili na mia sita.
Akaikwaruza shingo yake: "Walipima bila magazini."
Usijali, mwanangu. Hata sokoni kwetu
wapo wanaopima na kidole.

Nikaifungua, nikachungulia chemba.
Tupu. Nikachungulia tena,
maana Kilimba alisema jicho la kwanza huona linachotaka.
Ndipo nikaiegemeza begani,
nikalenga msumari ukutani uliokosa kalenda.
Bega likanyamaza.

Wanangu wananiuliza, kwa nini usifume vitambaa?
Sijui niwaambieje.
Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali,
unatoa nusu ya pumzi, nusu unaiweka akiba,
na dunia nzima inakuwa na upana wa kisahani.
Halafu unaenda kubandua karatasi, unaiinua juani,
na mwanga unapita kwenye tundu dogo
pale pale ulipokusudia.

Katika juma zima la madeni na panya wa ghalani,
la lori lililokwama Chalinze na mchele wangu,
la simu zisizopokelewa,
hicho tu ndicho kilichokwenda nilikokituma.

"Nikufungie na begi lake?" anauliza Renato.
Funga. Na kasha la chuma lenye kufuli, lile zito,
hilo lisiwe jepesi hata kidogo.
Lakini andika risiti kwanza,
na kwenye uzito, baba,
andika ule wa mkono wangu.